Nani Aliyemjibia Wilfrid?

Shamba la Hallam,
Wenbury,
Shropshire.
20 Juni 2006

Mpendwa kaka Edmund,

Nakusalimu kwa moyo wote kutoka jikoni kwa mama, juu ya meza ileile uliyoichora kwa kisu ukachapwa. Hujambo? Kifua chako kinaendeleaje? Na lile goti? Najua barua zote huanza hivi, na anayeulizwa huruka mistari hii ili afike kwenye habari. Safari hii usiiruke. Nakuuliza kama u mzima kwa sababu sijui, na hakuna kitu kingine duniani ninachotaka kukijua kama hicho.

Kadi yako ya Krismasi haikufika. Nilipokuandikia mwezi wa Februari kwamba Wilfrid wangu amefariki, hukujibu, nikasema moyoni, bado ana kinyongo chake, mwache. Lakini tangu hapo nimekupigia simu mara nyingi. Inaita tu huko Tasmania, inaita mpaka inakatika yenyewe. Binti yangu Judith ananiambia labda umekuwa kiziwi kama baba alivyokuwa. Namwambia ndiyo, mwanangu, labda. Akiondoka napiga tena.

Mimi sijambo kwa kiasi changu. Miguu inavimba na usingizi umenikimbia. Nyumba nayo imekuwa na makelele tangu Wilfrid aondoke. Jioni, wakati wa kukamua ukifika, nawasikia ng'ombe wa baba wakilia bandani, na wewe unajua banda lile halijaingia ng'ombe tangu mwaka ule. Judith anasema ni malori ya barabara kuu. Malori hayalii kwa zamu, Edmund. Anaanza yule mweupe wa mama, kisha wengine wanamfuata, kama zamani.

Basi, habari. Jumamosi nilikwenda kwenye Siku ya Mwanzilishi, ile karamu ya kila mwaka ya wanafunzi wa zamani, pale shuleni kwenu. Usishangae; siku hizi wajane wanaalikwa, mradi tukae kimya na tuvae kofia. Shule yenyewe ilikwisha kufungwa. Wavulana walihamishiwa kwenye shule mpya karibu na stesheni, na jengo la zamani limekuwa ofisi za halmashauri. Wameubakiza ukumbi tu, pamoja na zile benchi za watu wawili wawili na mbao za majina ukutani. Mwisho wa wiki hakuna mtu anayekanyaga pale, sembuse mtoto. Nakuomba ulikumbuke hilo.

Wa darasa lenu wamebaki wachache mno. Ogle ndiye mwenyekiti. Alistaafu akiwa jaji, na bado anakutazama kama vile umemwibia kuku. Skelton alifuga nguruwe, akawa meya wa mji, kisha akarudi kwa nguruwe wake, na anasema hakuona tofauti kubwa. Lumb, yule ambaye mwalimu mkuu aliapa kwamba ataishia gerezani, aliishia gerezani kweli: alikuwa mkuu wa gereza kule kaskazini, wakamzika kwa bendera na tarumbeta. Haigh, aliyeingia darasani kwa kuchelewa akakalishwa na Skelton na jina lake likabanwa chini ya lako, alifia Kanada akiwa mchungaji, yeye aliyekuwa akilala kanisani mdomo wazi. Halafu nyinyi wawili, Wilfrid wangu na wewe, Garbutt na Hallam, madaktari wa mifugo, mlioanza na zahanati moja na gari moja na koti moja la mvua.

Skelton aliniona nimesimama mlangoni kama mgeni wa msiba, akanivuta.

"Njoo ukae huku, Hester. Hao wengine wataanza kukoroma kabla ya supu."

"Na wewe hukoromi?"

"Nakoroma huku nakula. Ndiyo kazi pekee niliyojifunza kwenye umeya."

Nilicheka, na nikaona aibu kucheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mazishi.

Unaijua desturi ya kusoma majina kuliko mimi, lakini niache niiseme, maana yote yametoka hapo. Kabla ya pudini mwenyekiti anasimama na kuita darasa moja moja. Aliye hai na aliyefika anasema, "Nipo." Aliye ng'ambo hujibiwa na mwenzake wa benchi: "Yuko mbali." Aliyekufa naye hujibiwa na mwenzake wa benchi, akiwa amesimama: "Amepumzika." Na jina likikosa wa kulijibia, linafutwa pale pale, halisomwi tena. Sasa mwenzake Wilfrid wa benchi ni wewe. Herufi za majina yenu ziliwakalisha pamoja mkiwa na miaka kumi na moja, na hakuna mwingine anayeruhusiwa.

Nilikwenda nikijua kwamba mume wangu atafutwa mbele ya macho yangu. Nilikwenda ili asifutwe akiwa peke yake.

Skelton alipoacha kutania, aliniambia jambo ambalo sikulijua katika ndoa yetu yote. Nakueleza kama alivyolisema.

"Unajua mumeo alikuwa akimjibia kaka yako?"

"Wilfrid? Amjibie Edmund? Acha mzaha, Skelton."

"Mzaha wapi? Kila mwaka, mama. Anasimama wima kama askari: Yuko mbali. Mwaka mmoja Lumb akamchokoza, akajibu yeye: Amepumzika. Wilfrid aliruka meza. Alimkamata Lumb tai mpaka macho yakamtoka, anamwambia, sema yuko mbali, mshenzi wewe, sema yuko mbali!"

Mimi nilidhani jina lako lilimkauka Wilfrid mdomoni siku ile ile. Unajua siku ninayoisema: mwaka wa ugonjwa wa miguu na midomo, alipotia saini ng'ombe wote wa baba wapigwe risasi na kuchomwa, na wewe umesimama getini unamlilia kwamba ni wazima, kwamba angoje walau siku mbili. Hakungoja. Ukamwambia humjui, hujawahi kukaa naye, ukapanda meli. Nyumbani hapa hakukutaja tena. Kumbe alikuwa anakwenda kukutaja kule, mara moja kwa mwaka, kwa sauti, mbele ya watu.

Ogle akasimama, akavaa miwani, akaanza. Majina ya darasa lenu yakaja kwa haraka, kwani mengi yalikwisha kufutwa miaka ya nyuma. Kisha akasoma, "Garbutt, Wilfrid."

Niliangalia mikono yangu. Nilisikia kalamu ya Ogle ikigusa karatasi.

Ndipo sauti ikatoka nyuma kabisa, upande wa madirisha, kwenye benchi zisizokaliwa na mtu.

"Amepumzika."

Ilikuwa sauti ya mvulana. Ilikuwa na mkwaruzo, na katikati ya neno ikapasuka na kupanda juu, kama sauti yako ilivyokuwa ikipasuka ulipowaita ng'ombe kutoka ng'ambo ya kijito, sisi tunakucheka. Edmund, nimekulia chumba kimoja nawe. Ningeijua sauti ile hata nikiwa usingizini. Ogle alisema "Asante" bila kuinua kichwa, akaweka alama yake, akaendelea.

"Hallam, Edmund."

Nilijikuta nimesimama. Sikupanga. Wajane hawasemi pale, na kiti changu kilianguka nyuma kwa kishindo, na wazee wote wakageuka. Mtu wa kukujibia amekwisha kufa, nikaona kalamu inashuka. Nilifungua kinywa niseme "Yuko mbali," na neno likakataa kutoka, kwa sababu nilikuwa nimetoka kuisikia sauti yako humo ndani. Lile neno jingine ningekatwa ulimi kabla ya kulisema.

"Sijui," nikasema. "Ni kaka yangu, na sijui."

Ogle akavua miwani. "Bi Hester, sijui si jibu."

"Basi usimfute mtu kwa sababu dada yake hajui!"

Nilikuwa nalia, wala sikuficha. Yule jaji akaweka kalamu chini taratibu. "Sifuti," akasema. "Haigh, Rupert." Na Skelton akamjibia Haigh.

Tulipotoka nje Skelton alikuwa mweupe kama unga. Akanishika kiwiko.

"Yule aliyemjibia Wilfrid alikuwa nani?"

"Niambie ni wewe uliyekuwa unaigiza."

"Mimi? Nilikuwa na kiazi mdomoni, Hester! Kiazi kizima!"

Hatukucheka. Tulirudi sote wawili kutazama. Benchi zile zilikuwa tupu, na vumbi lake halikuguswa isipokuwa pale tulipopitisha mikono sisi wenyewe.

Sasa hivi ndivyo nilivyo tangu Jumamosi. Miaka hii yote niliomba jambo moja kwa Mungu: kwamba siku moja utasimama upande wa Wilfrid tena, hata kwa neno moja. Nimelisikia neno hilo kwa masikio yangu. Nilipaswa kufurahi. Badala yake nakaa hapa na hofu, kwa sababu namna pekee ninayoweza kuielewa sauti ile ni kwamba umekufa, peke yako, kwenye nyumba ile ambayo simu inaita bila kuacha, na kwamba mmekutana huko mliko na mmepatana bila mimi. Kama hiyo ndiyo gharama ya kumsamehe Wilfrid, siitaki. Irudishe. Nilikuwa na mume na kaka wasiosemezana, na nilikuwa tajiri.

Skelton anasema niwapigie polisi wa huko, waende wakagonge mlango. Kesho Judith atawapigia kwa niaba yangu. Mimi siwezi. Naogopa kujibiwa kwa upole na mtu nisiyemfahamu. Ndiyo maana nakuandikia kwanza, ingawa najua barua itafika baada yao. Nikikuandikia, kwa muda wa kuandika tu, unakuwa mtu anayeweza kusoma.

Kama unaisoma kweli, usiniandikie. Barua inachukua siku nyingi mno. Piga simu. Kama bado una hasira nami kwa kuolewa naye, usiseme kitu, pumua tu; pumzi zako nazijua pia. Na wala usije ukaniambia kwamba umemsamehe. Niambie alikuwa mkaidi na mpumbavu. Niambie ng'ombe wa baba walikuwa wazima. Nipigie kelele kama ulivyompigia getini. Nitakusikiliza mpaka mwisho, na nitakubali kila neno.

Judith anakusalimu sana, pamoja na mumewe Clement na yule mdogo wao, Phoebe, aliyerithi kidevu chako, maskini. Skelton anakusalimu, na anasema nguruwe mmoja amempa jina lako kwa sababu haambiliki. Ogle naye ametuma salamu, kavu kama kawaida yake.

Mungu akutunze, Edmund, na akuachie hasira zako zote.

Ni mimi dada yako akupendaye, niliyekaa karibu na simu,
Hester