Nyekundu au ya Bluu

Jumamosi, 3 Januari 1998

Mwaka mpya wenyewe ndio huu. Mvua tangu Oktoba, nguo hazikauki, na leo Nyongesa amerudi amelowa mpaka soksi — anacheka. Nikajua kuna jambo. Mume wangu hajacheka tangu walipompunguza kazini.

"Mama Celine, nimeipata," akasema. Trekta. Tena si moja, ni mbili, anatakiwa achague tu. Ziko kwenye yadi ya mtu anaitwa Munyoki, huko nyuma ya mtaa wa Tena, anauza mashine zilizotumika. Moja nyekundu, ya zamani, imelima kabla Celine wetu hajazaliwa. Nyingine ya bluu, ina miaka michache, imetoka shamba kubwa la ngano. Anataka kuipeleka nyumbani Bungoma, alime shamba letu na kuwalimia watu. Pesa za kupunguzwa zote zitaingia hapo.

Nikamwambia ni vizuri. Nikaenda jikoni kuwasha stovu, kiberiti kikanishinda.

Kati ya vitu vyote duniani, trekta.

Kaka yangu Luseno sijawahi kumwandika humu. Leo namwandika. Trekta ilimwinukia mbele kwenye mteremko kule kwetu, ikamgeukia, ikamlalia. Na simu ya kifo chake niliipokea mimi mwenyewe, kazini, kwenye swichibodi. Nilidhani ni mtu anamtaka meneja. Nikasema, "Subiri nikuunganishe."

Jumapili, 4 Januari

Baada ya kanisa tulienda kwa Munyoki. Matope mpaka kwenye vifundo. Tulikuwa na Patrobas, fundi wa magari wa hapa mtaani Umoja, rafiki ya Nyongesa. Kijana mdogo lakini anajua kazi, na anajua kwamba anajua.

Patrobas anasema nyekundu haina siri. Fundi yeyote wa jua kali kule nyumbani ataifungua na kuifunga, na spea zake zimejaa kila soko. Ya bluu ina nguvu zaidi, usukani mwepesi, breki nzuri, lakini pampu yake haitaki dizeli chafu hata kidogo, na ikiharibika spea ni za kufuata huku Nairobi. Nyongesa alikuwa ameshachagua kabla Patrobas hajamaliza. Alikuwa anaizunguka ile nyekundu anaipapasa matairi.

Mimi nikaweka mkono kwenye boneti ya nyekundu. Moto. Kumbe Munyoki aliiwasha kabla hatujafika, ili tusione inavyowaka ikiwa baridi. Nilipomwuliza akasema alikuwa anaangalia betri tu, mama. Patrobas akacheka, akasema atarudi siku ambayo hatangojwa.

Halafu nikaona kitu. Ya bluu ina fremu ya vyuma vinene juu ya kiti, imeinama mgongoni mwa dereva. Nyekundu haina kitu, kiti kimekaa wazi. Nikauliza hiyo fremu ni ya nini.

Munyoki akasema ni ya kumkinga dereva ikipinduka, lakini nisiwe na wasiwasi, trekta nzito hivi haipinduki.

"Ni ya kutundikia mwavuli," Nyongesa akasema. Wanaume wote wakacheka.

Luseno pia alikuwa anapenda mzaha.

Jumanne, 6 Januari

Patrobas alienda yadi alfajiri bila kumwambia Munyoki. Boneti zote mbili baridi. Nyekundu ikawaka mara moja, moshi kidogo, ikatulia. Akanyanyua plau, lile jembe la trekta, juu, akazima injini, akaenda kunywa chai. Aliporudi plau ilikuwa bado juu, haijashuka hata kidogo. Anasema hiyo ni mashine ya kweli.

Ya bluu ilikataa. Ikakataa tena. Ikaja kuwaka ikiwa imemchosha kila mtu.

Nilikuwa naomba Mungu nyekundu ikatae. Nimeomba jambo la ajabu namna hiyo, mimi Nabwire, mtu mzima na akili zangu.

Shemeji Opicho, mdogo wake Nyongesa, alipiga simu ofisini kutoka duka la Wehliye kule sokoni kwao. Naye anataka nyekundu. Nikamwuliza, lile shamba la juu, la nyuma ya soko, mtalilima pia? Akasema hilo ndilo la kwanza, udongo wake ndio mzuri. Ni kali kidogo tu, akasema. Kali kidogo. Nimelipanda lile shamba na jembe begani, nikawa nashika majani nisirudi chini.

Jumamosi, 10 Januari

Leo nimeenda yadi peke yangu, nimemdanganya Nyongesa kwamba naenda sokoni. Nikamwuliza Munyoki kama nyekundu inaweza kuwekewa fremu. Akasema hakuna shida, vijana watachomelea fremu ya mabomba ya maji, itapendeza. Nikapitia kwa Patrobas kumwuliza. Angalau huyo hanifichi: "Mathe, bomba la maji litakunjika, na yeye atakuwa chini yake."

Lakini kabla ya hapo nilifanya ujinga. Nilipanda nikakaa kwenye kiti cha nyekundu. Nilitaka kujua. Nikageuka kuangalia nyuma, mahali mgongo wa Nyongesa ungeangukia, nikaona pale chini matope na mawe na hakuna kitu katikati. Nilishindwa kushuka. Munyoki alinishika mkono akanishusha kama mgonjwa, akaniletea soda.

Amesema kuna mtu wa mtaa wa Lucky Summer pia anaitaka ya bluu. Wote husema hivyo. Lakini je, kama ni kweli?

Jumatatu, 12 Januari

Tumegombana. Vibaya.

Nilimwambia yeye ni dereva wa foko, ile mashine ya kunyanyulia mizigo. Miaka yote hiyo ameendesha foko kwenye sakafu ya saruji, ndani ya ghala, sakafu sawa kama meza. Foko haijui mlima. Akasema ninamzika akiwa hai. Akasema nimemwona hana kazi sasa hata akili nimeona hana. Hilo sikulisema, wala sikuliwaza, lakini alilia kidogo akilisema.

Celine akatokea mlangoni na kitabu chake, akauliza mathe na buda wanapigania nini, majirani wanasikia.

Basi nikamwambia mume wangu ukweli mbele ya mtoto. Kwamba ninaogopa. Kwamba kila taa ya laini ikiwaka ofisini tangu mwaka uanze, nahesabu mpaka tatu kabla ya kuipokea. Kwamba akinunua nyekundu nitakuwa nakaa kwenye ile swichibodi kila siku nikingoja mtu aniambie nimwunganishe na yule anayehusika, na anayehusika ni mimi.

Nyongesa akavuta sahani. Akala ugali wake baridi, wote. Akaenda kulala.

Jumatano, 14 Januari

Ya bluu.

Amechukua ya bluu. Patrobas ameweka betri nyingine, amebadilisha filta, amemfundisha Nyongesa kuchuja dizeli kwa kitambaa kabla ya kuimimina. Nyongesa hasemi nimeshinda, anasema tu usukani wake ni mwepesi. Haya, usukani.

Nimeimba nikiosha vyombo. Celine amenitazama sana.

Ijumaa, 16 Januari

Imeondoka. Nilichukua ruhusa ofisini nikaenda kuona ikipakiwa kwenye lori.

Kulitokea shida moja. Geti la Munyoki lina boriti juu, na trekta ikiwa juu ya lori ile fremu inagonga. Wakafikiri, wakapima, wakabishana. Mwisho Patrobas akaifungua fremu kwa spana, wakailaza kando ya matairi, Nyongesa akazitia bolti mfukoni zisipotee. Mimi sikuondoka hapo na mwavuli wangu mpaka nikaiona fremu imefungwa kamba vizuri ndani ya lori. Nikamwambia Nyongesa, ukifika, kitu cha kwanza ni kuirudisha, kabla hata ya chai. Akasema sawa, mama. Akaniapia.

Halafu nikamtazama. Ovaroli imejaa grisi, anataka kupanda mbele na dereva kama taniboi wa lori. Nikasema hapana. Kijiji kizima kitakuwa barabarani kumpokea. Waseme Nyongesa alifukuzwa Nairobi akarudi na nguo za gereji? Nilikuwa nimembebea ile suti yake ya kahawia kwenye mfuko. Alikataa kidogo, mimi nikakataa zaidi. Akabadilisha kwenye kibanda cha Munyoki, akanipa ovaroli imeviringishwa, nzito kwa maji na mafuta. Nikamfunga tai mwenyewe.

Alipendeza. Patrobas akapiga mluzi. Lori lilipotoka getini alinipungia mkono, na kwa mara ya kwanza mwaka huu sikuogopa kitu.

Jumatatu, 19 Januari

Amepiga simu kutoka kwa Wehliye. Wamefika salama! Mama mkwe alipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka, watoto walikimbia nyuma ya lori, mchungaji ameweka mkono kwenye boneti akaombea. Suti imesifiwa. Opicho ameshaahidi watu nusu ya kijiji kuwalimia.

Nikamwuliza fremu.

Akakohoa. "Iko mahali pake," akasema.

Nikamwambia asante. Nikamwambia asilime kukiwa na mvua. Akasema hawezi kungoja mvua hii ya El Nino iishe, hata serikali haijui itaisha lini, lakini ataangalia.

Jumatano, 21 Januari

Nalala. Nakula. Bomba ni kavu tangu Ijumaa — mvua inanyesha mchana kutwa na bomba halina tone. Wanasema mafuriko yamebeba mabomba huko yanakotoka. Maji ya paa ni ya kupika na ya sare ya Celine. Ovaroli ya baba yake bado imeviringishwa ndani ya karai, inanuka dizeli nyumba nzima. Celine anataka niitoe nje. Mimi naiacha. Inanifanya nione kama yupo.

Jumamosi, 24 Januari, asubuhi

Maji yamerudi alfajiri, ya udongo lakini maji. Nikajaza kila kitu. Nikaichukua ovaroli, nikaikunjua, nikaitumbukiza kwenye karai.

Ikagonga.

Nikatia mkono mfukoni. Bolti. Bolti zote za fremu, na nati zake, zimeviringishwa kwenye kitambaa cha Patrobas.

Ziko hapa. Zimekuwa hapa wiki nzima. Mimi ndiye niliyemvua.

Iko mahali pake, alisema. Pengine amenunua nyingine. Bila shaka amenunua nyingine, mtu mzima hawezi kukosa bolti Bungoma nzima. Naenda ofisini. Leo ni nusu siku, bwana mkubwa haji.

Jumamosi hiyohiyo, ofisini

Nimeziweka mezani juu ya kitabu cha simu. Ofisi yote ni mimi na askari wa geti. Kuchukua laini ya kampuni kwa mambo ya nyumbani ni kufukuzwa kazi. Wanifukuze.

Laini zilikataa, zikakataa, mvua imeziharibu. Sasa nimempata Wehliye. Nikamwuliza kwa sauti yangu ya ofisini, polepole: mume wangu Nyongesa alinunua bolti hapo kwako? Wehliye anauza kila kitu, kuanzia sukari mpaka misumari. Akasema alikuja kuulizia siku ile walipofika, lakini bolti nene namna hiyo hana, za kufuata mjini. Akanunua waya.

Nikamwuliza waya gani.

"Ya ua, mama. Rola nzima. Wamefungia yale machuma ya juu. Wamekaza vizuri."

Waya.

Nikamwuliza trekta iko wapi sasa. Akasema iko hapa nyuma, wameanza shamba la juu leo asubuhi, bwana yako amejifunika gunia kichwani analima na mvua. Ukinyamaza utaisikia, akasema. Nikanyamaza. Nikaisikia. Iko mbali, nyuma ya mvua, lakini ule mlio naujua tangu kwa Munyoki.

Nikamwambia atume mtu wa baiskeli ya boda boda, sasa hivi. Amwambie Baba Celine ashuke kwenye kiti, aiache trekta pale ilipo, ateremke kwa miguu. Amwambie ni mimi. Amwambie bolti ziko kwangu, kosa ni langu, sina hasira. Wehliye hakuniuliza chochote. Ameweka simu kwenye kaunta, nasikia anaita mtu nje.

Basi nimevaa hedifoni, naandika, ili mikono ipate kazi.

Nasikia mwanamke anaomba sukari na majani chai. Nasikia kuku. Trekta inanguruma, inazama, inanguruma. Ikizama ni kwamba anageuza kule chini. Ikinguruma anapanda.

Baiskeli kwenye matope yale. Itabidi aisukume.

Nilitaka apendeze tu. Nilitaka mama yake aone namtunza.

Inazama. Inanguruma sasa. Anapanda.

Mvua imezidi kule. Bati la Wehliye linapigwa, sisikii kitu kingine. Hapa taa ya laini ya pili inawaka, mtu anamtaka mtu. Siigusi.

Bado bati.

Bado.

Imepungua. Namsikia yule mwanamke, anangoja chenji yake. Namsikia kuku. Nasikia maji yanadondoka kutoka kwenye paa lao, moja moja.

Trekta siisikii.