Kisilu Amechukua Hata Jina la Mtoto Wangu

S.L.P. 1187,
Thika.
14 Septemba 2025

Mpendwa dada Kavata,

Habari za huko Doha? Joto limepungua? Na kile kifua kilichokusumbua kimepona? Sisi huku Ngoliba tu wazima. Mvua bado, lakini mbaazi hazijakauka, na goti la Mama limetulia tangu aanze dawa za Thika.

Ukumbusho wa Kisilu ulienda vizuri. Mwaka mmoja sasa tangu ndugu yetu auawe kule Somalia akiwa na kikosi chake cha makomando, na watu bado walijaa mpaka tukaongeza viti kutoka Kamenu. Pasta Absalom akasema boma hili lilikuwa na simba mmoja. Mimi nilikuwa nyuma nimeshika kamba ya hema, maana upepo ulikuwa mwingi. Tena nilikuwa nimepewa fulana yenye picha yake niivae kama wengine. Kavata, hata kifua changu kilikuwa cha Kisilu.

Wacha nikuambie ukweli, wengine wataona sina adabu: nina wivu na marehemu. Nilikuwa nao akiwa hai, nikadhani utaisha tukimzika. Mama anaifuta ile picha yake ya bereti kila asubuhi kwa pindo la leso. Mimi ndiye ninayempeleka kliniki, mimi ndiye niliyejenga tangi la maji, na wageni wakiuliza mimi ni nani, anasema, "Huyu ni mdogo wake Kisilu."

Sasa sikia. Mukonyo wangu amejifungua mvulana, mzima kabisa. Unajua desturi yetu: wa kwanza alichukua jina la baba yetu, Kaleli, huyu wa pili ni wa babake Mukonyo, mzee Ndambuki. Kumbe Mama alishaenda kwa mzee kimyakimya, akamwomba aache zamu yake ili mtoto aitwe Kisilu. Mzee akakubali. Waliulizwa wote isipokuwa mimi.

Nilikataa siku mbili. Nikamwambia Mama, "Ulimpa yeye moyo wako wote, sasa unampa na mtoto wangu?" Aliketi tu na ile leso mkononi, na mimi nikatoka kwenda kulisha mbuzi.

Siku ya tatu akina mama wakafika kumpa mtoto jina. Wakanitazama. Nikasema haya, aitwe. Nikainama nikamwita, "Kisilu." Kimya. Nikaita tena kwa sauti, akafungua jicho moja, akalifunga. Unakumbuka tukitumwa maji mto Athi, Kisilu alivyokuwa akijifanya amelala, mimi nikaenda na mitungi yangu na yake? Nililia mbele ya wakwe zangu wote, Kavata, na siku ya mazishi sikulia. Wivu bado ninao. Lakini huyu, maji atachota.

Jumapili upige simu, Mama anakungoja. Mungu akulinde kazini, na akurudishe kwetu ukitembea kwa miguu yako mwenyewe.

Mama anakusalimu, Mukonyo na Kaleli pia, na mzee Ndambuki. Kisilu naye anakusalimu. Sikudhani nitaandika hivyo tena.

Mdogo wako akupendaye hata akinuna,

Mutisya