Nililifunga Pipa la Dharura kwa Kufuli, Wifi Akaungua

Mpendwa mshauri, naomba msaada, maana nyumbani sina wa kumwambia na kazini wote wananisifu.

Mimi ni mfungashaji katika kiwanda cha sabuni, na juu ya kazi hiyo nilikabidhiwa pipa la njano la dharura, lile la mchanga mkavu, koleo, miwani, buti na glavu ndefu za mpira, ili kostiki, yaani ile dawa kali ya kupikia sabuni, ikimwagika tuidhibiti bila kuungua, na nilipolipokea lilikuwa aibu tupu, glavu kuna mtu kaenda nazo kuoshea pikipiki, koleo liko kwa mlinzi anapalilia maua, mchanga umejaa vipande vya sigara, basi nikalijaza upya, nikatia kufuli, ufunguo nikauvaa shingoni, kisha, mshauri usinicheke, nikaanza kulipenda. Asubuhi kabla mashine hazijawashwa, jua linapopenya kwenye bati la plastiki na mvuke wa sabuni ukielea taratibu kama pazia, nalifungua, nazitazama glavu zilivyokunjwa, nanusa mpira mpya, na roho yangu inatulia, naona kana kwamba dunia nzima imepangwa mahali pake na hakuna baya linaloweza kutufikia. Nilijiambia akiba haiozi.

Wiki iliyopita wifi yangu, mdogo wake mume wangu, ambaye nilimtafutia kazi hapo mimi mwenyewe, aligonga ndoo ya kostiki ikamwagika, akakimbilia pipa akaniita, "Wifi, ufunguo!" nami, sijui nilipatwa na nini, nikamjibu, "Si kidogo tu hiyo? Chukua matambara, usinichafulie vitu," naye kwa kuniheshimu akayachukua, na sasa mikono yake yote imefungwa bandeji, yuko kwetu, mume wangu ndiye anayemlisha, na kaka yake huyo akimuuliza anasema alifanya haraka. Hajanitaja. Ananitazama tu, kisha anatazama dirishani, na tangu hapo natembea kama niko chini ya maji, sauti za watu nazisikia kwa mbali.

Meneja alipokuta pipa limejaa alinisifu mbele ya wote, anataka nisimamie mapipa ya kiwanda kizima, na wifi amepewa onyo kwa kutumia matambara. Nikubali cheo? Nikisema ukweli, si nitakosa kazi na nyumba pia?

Mwenye Ufunguo

*

Mwenye Ufunguo,

Pole. Nakuelewa: aliyekuta vitu vyake vimechezewa hutamani kufunga hata dirisha. Lakini dada yangu, ulikabidhiwa zana, hukukabidhiwa kabati la vyombo vya wageni! Akiba haiozi, ila mpira wa glavu unaoza, tena huanza kupasuka kwenye mikunjo hiyo hiyo unayoinusa. Na kostiki haina "kidogo". Maji yakimwagika hayazoleki, kostiki huzoleka, ndiyo maana mkapewa koleo.

Kesho ukiingia tu, ng'oa kufuli. Ukiogopa wakopaji, funga kifuniko kwa uzi mwembamba wa plastiki unaokatika ukivutwa. Ukiukuta umekatika utajua pameguswa, na mwenye shida hatahitaji kukutafuta. Kagua kila wiki, kilichotumika kirudishiwe siku hiyo hiyo. Na wenzako wote wazivae hizo glavu kwa mazoezi, zichafuke, ndiyo kazi yake. Pipa ambalo watu wanaliogopa haliko tayari hata likijaa mpaka mdomoni.

Habari ya cheo, usijibu kwanza. Nenda kwa meneja umwambie ufunguo ulikuwa shingoni kwako na matambara uliyaagiza wewe, afute onyo la wifi yako. Anaweza kukufukuza, sitakudanganya. Lakini binti wa watu ameshaungua mikono, utamwacha aungue na jina?

Mumeo naye asikie kwako, leo, kabla hajasikia kwa wafungashaji wenzako. Atakasirika, ana haki. Mwache akasirike, usianze kulia ili akubembeleze.

Kisha kaa na wifi yako. Usimpelekee zawadi, hana mikono ya kuipokelea. Mwambie hivi: "Wifi, uliponiita nilizionea huruma glavu, sikuionea huruma mikono yako." Ukifika hapo nyamaza. Usiongeze "lakini".