Mume wa Bibi Kabadili Jina

Jumanne, 8 Julai

Kahawa chungu na kashata barazani kwa Bibi, kama jana. Na utani uleule: "Nipisheni, mume wangu anakunywa kahawa!" Nimerithi jina la marehemu mumewe, Jihadi, fundi cherehani wa hapahapa Kariakoo. Wajukuu wengine ni wajukuu tu. Mume ni mimi. Sijamwambia nilichofuata Bongo safari hii kutoka Uingereza.

Jumatano, 9 Julai

Mangi, Mchaga wa duka la vitenge, kaniita toka ng'ambo ya mtaa: "Jihadi! Mambo?" Nikashtuka, nikageuka kuona nani kasikia. Hakuna mwenye habari. Kuli kapita na gunia lake.

Kule Uingereza ninakoishi, waliliita jina hili kwa daktari wa meno. Mama mmoja akamvuta mwanawe, akahama kiti. Na mimi nina jino linauma tu! Uwanja wa ndege nawekwa pembeni. Nikiomba kazi, hawajibu. Miaka yote nawaeleza jihadi ni juhudi. Nimechoka kufundisha wasiotaka kujifunza. Nawachukia. Najichukia zaidi.

Ijumaa, 11 Julai

Nimekula kiapo cha kubadili jina kwa wakili, Mnazi Mmoja. Sasa ni Jeremi. Rahisi hivyo. Nikapitiliza hadi msikitini kwa swala ya Ijumaa, nikakaa safu ya nyuma kabisa. Aibu.

Jumamosi, 12 Julai

Nikamnong'oneza Mangi jina jipya. Kaangua kicheko: "Heee, Jeremia! Umebatizwa lini bila kutualika sisi Wakristo?" Nikacheka naye. Lakini mtaa hauna siri. Alasiri Bibi kashasikia. Kauliza moja tu: "Wamekulazimisha?"

Nikasema hapana, Bibi. Bora ningesema ndiyo.

Jumapili, 13 Julai

Hakuna utani. Nimemweleza yote, jino, uwanja wa ndege, kazi. Kasikiliza huku anachambua mchele. Mwisho kasema: "Babu yako hakumchoma mtu hata sindano, na sindano ndiyo iliyokuwa kazi yake." Kisha kaingia ndani. Nilitaka anitukane. Hakunitukana.

Jumatatu, 14 Julai

Wageni wamekuja kumjulia hali Bibi. Nilikuwa uani nafua.

"Jeremi," kaita, "njoo uwaamkie wageni."

Kalitamka sawasawa, wala ulimi haukumteleza. Nadhani alijifunza kwanza peke yake. Nikajifuta povu, nikaenda kuwaamkia.