Isale la Onyesho la Tatu

Leipzig, Jumapili ya kwanza ya Novemba.
Huu ni mwaka wa arobaini na moja tangu niondoke nyumbani Uru.

Mdogo wangu Filibati,

Barua hii ilipaswa kuanza kwa mimi kuitikia shikamoo yako. Hukuituma, basi nafasi yake naiacha wazi. Natumaini magoti ya dada Leokadia yamepata nafuu, na kwamba mvua za vuli zimeikuta migomba imeshawekewa samadi. Mimi ni mzima. Baridi imeanza na mifupa inalalamika, lakini siyo baridi iliyonishikisha kalamu. Ni hasira.

Mwanao Manka alifika salama na kikundi chake cha ngoma. Siku hiyohiyo alikuja kwangu, akaniamkia vizuri, akanipa kahawa ya nyumbani na salamu za watu. Kisha akasimama, akafungua khanga, akanyoosha mikono miwili. "Baba mkubwa, baba amenituma nikuletee isale."

Nitakukumbusha isale ni nini, kwa kuwa inaonekana umesahau. Jani lile la kuombea radhi likifungwa fundo na kuletwa na mjumbe, aliyekosewa hana ruhusa ya kulikataa, hata kama damu ilimwagika. Baba alimsamehe kwa isale moja jirani aliyesogeza mpaka wa kihamba chetu, shamba la ukoo, na hakulitaja tena jambo lile mpaka anakufa.

Na kosa lako unalijua. Mama alipofariki nilikupigia simu, ukaniambia, "Njoo, kaka, tutakusubiri." Nilikuwa uwanja wa ndege na sanduku langu pale Leokadia aliponipigia akilia, akiuliza kwa nini nimekataa kuja kumzika mama. Mlikuwa mmeshamfukia. Ulisimama mbele ya padri na ukoo mzima ukasema kaka ameagiza mzike tu, kazi hazimruhusu. Kazi gani, Filibati? Nilikuwa nimeshastaafu. Ulinipa nafasi ya mtoto aliyemtupa mama yake, ukaichezesha mbele ya watu nisiokuwa na njia ya kuwajibu. Na sababu nimeijua juzi tu kutoka kwa Manka: maturubai na viti unavyokodisha ulikuwa umeviahidi kwa harusi ya Kirua Vunjo, ikabidi mazishi yawahishwe.

Hata hivyo isale nililipokea. Kidole changu kiligusa waya uliopitishwa katikati ya jani. Macho yangu yaliona mng'ao wa vanishi. Nimefanya kazi nyuma ya jukwaa maisha yangu yote ya huku, nikitunza mapanga yasiyokata, mikate isiyolika na vitoto vya kubebwa vilivyojazwa pamba. Kitu cha kuigizia nakitambua hata gizani. Lakini moyo ukayanyamazisha macho. Nikajiambia wamelipaka ili lisiharibike safarini. Nikalitia mfuko wa ndani wa koti, nikalishusha sanduku kutoka juu ya kabati, nikamwambia Manka awapigie nyumbani aseme Krismasi hii nakuja, na safari hii nitakaa mpaka mnizike kando ya mama. Manka aliinamisha kichwa. Nilidhani furaha imemzidi.

Kesho yake mchana walikuwa na onyesho katika ukumbi niliostaafia. Wenzangu wa zamani waliniita nikawapangie vijana wetu meza ya vifaa. Kwenye meza ile kila kitu huzungushiwa utepe wa kunata, na jina lake huandikwa kando, ili mwigizaji akipitisha mkono gizani akikute. Nilipanga kibuyu cha mbege, fimbo ya mzee, kengele ya ng'ombe. Nafasi moja ilibaki tupu. Ilikuwa imeandikwa: isale, onyesho la tatu.

Anayecheza mkosaji katika onyesho hilo anaitwa Ambokile, Mnyakyusa aliyezaliwa kwenye makambi ya mashamba ya miwa huko chini, ambaye Kichagga chake ni cha kukariri. Alikuja ameshavaa, akaitazama meza.

"Jamani, nani kaniibia msamaha wangu? Nitapiga magoti na nini, na chupa ya maji?"

"Piga na simu," mpiga ngoma mmoja akamjibu, "ndiyo unayoiabudu."

Wakacheka. Ambokile akanigeukia kwa adabu, akiniita mzee kwa Kichagga. "Shikamoo, meku. Hujaliona isale langu? Lina waya, linang'aa kama viatu vya bwana harusi."

Manka alikuwa ananitazama mimi. Niliingiza mkono ndani ya koti, nikalitoa, nikaliweka ndani ya utepe. Lilienea sawasawa. Ambokile akanishukuru kwamba nimemwokoa, akaenda kujipaka rangi.

Sikupaza sauti. Nilimvuta Manka pembeni nikamwomba anipe maneno yako kama ulivyoyasema. Alilia kwanza. Akaniambia wazee wa ukoo walikuonya uniombe radhi kwa isale na uwe na jibu langu kabla ya Krismasi, nawe ukampigia simu akiwa ameshafika huku. Alipokujibu kwamba hakubeba jani lolote, ulimwambia, "Chukua moja la kwenye sanduku la ngoma. Mzee hatajua."

Mzee hatajua. Masale yamezunguka kaburi la baba na kaburi la mama, mdogo wangu. Unapita hapo kila asubuhi ukienda kuwakatia ng'ombe majani. Hayahitaji vanishi wala waya. Yalihitaji uiname mara moja tu, ukiwa peke yako, bila mtu wa kukutazama. Hukuinama. Uliwainamia wazee kwa maneno, ukaniagizia mimi kifaa cha maigizo.

Nilitazama onyesho la tatu nikiwa nyuma ya pazia la pembeni. Ambokile alipiga magoti, akaliinua jani kwa mikono miwili, sauti ikamkatika katikati ya sentensi. Nami nililia, kwa hasira, kwa sababu mtoto wa watu, ambaye hajanikosea neno, aliniomba radhi vizuri kuliko ndugu niliyenyonya naye ziwa moja.

Usimlaumu Manka, wala usimnyooshee kidole. Aliniahidi kwamba akirudi atakata isale kwenye kaburi la bibi yake na kulituma. Nilimkataza. Kosa si lake, na kuinama huko hakufanywi na mtoto kwa niaba ya baba yake.

Nisalimie dada Leokadia, ambaye hakuamini uongo wako hata siku ile ya mazishi. Msalimie mkeo, sina neno naye. Shangazi yetu mkubwa mwambie kahawa aliyonitumia nimeinywa yote. Na wazee wa ukoo waambie kama nilivyoandika: Venansi hakukataa isale. Hakuletewa.

Sanduku limerudi juu ya kabati. Krismasi watu watakapojaa kihambani na kuuliza niko wapi, usinitungie tena maneno. Maneno yangu ni haya, wasomee: sirudi.

Kaka yako,
Venansi