Mtoto Aliyetafuta Nyuma ya Kioo

Bor, 9 Machi 2022

Mama yangu mpendwa,

Leo nimeapa kukueleza yote bila kuficha, hata yale ambayo nyumbani hapa sijayasema. Mwalimu Kelang, wewe unayemsomea mama barua hii, nakusalimu kwa heshima. Tafadhali usiruke neno, na ukiona mama anajifuta macho, msubiri kidogo kisha uendelee.

Mama, hujambo? Goti bado linakusumbua unapochuchumaa kukamua? Yule ng'ombe mwenye baka jeupe kifuani alizaa salama? Mimi ni mzima, niko darasa la nane, na mama aliyenizaa ananitunza vyema. Tangu waliponitoa kwako na kunirudisha huku sijakuandikia, maana hakukuwa na wa kuibeba barua. Sasa wenzake Mama Nyibol walioko huko kwenu Pibor wameahidi kuifikisha mkononi mwako.

Mama Nyibol ndiye mkuu wa nyumba ya watoto iliyo karibu na mto. Shirika lake huwatunza watoto waliopotezana na wazazi vitani. Wengine walinyakuliwa na watu wa kwenu Wamurle, kama nilivyonyakuliwa mimi. Wengine, watu wa kwetu ndio waliowafyatulia risasi mama zao wakatawanyika. Baada ya masomo mimi huenda huko kuwa mkalimani, kwa kuwa hakuna mwingine anayeijua lugha yako. Shuleni wenzangu hunichokoza: "Wewe Mmurle, leo umeiba mtoto wa nani?" Nami huwajibu kwamba bado nachagua, ila wao wametoka kwenye hesabu kwa ubaya wa sura.

Mwezi wa Januari askari walileta mvulana wa miaka kama mitano, waliyemkuta peke yake barabarani. Bibi mmoja aitwaye Agot, ambaye mjukuu wake Majok alinyakuliwa akiwa bado ananyonya, alikuja, akamtazama mtoto, akamkumbatia na kusema ndiye. Walimnyunyizia maji ya baraka, mbuzi akachinjwa. Mama Nyibol alishukuru lakini akasema mtoto abaki kwanza pale nyumbani hadi ukweli uthibitishwe. Bibi Agot hakubisha. Kila siku alikuja na kibuyu cha maziwa. Mtoto alikunywa nusu tu, nusu akaiweka kando, na hakusema neno hata kwangu.

Kisha mwishoni mwa Februari ng'ombe wetu wakaibiwa na watu wa kwenu, na katika kuwafuata, vijana kadhaa waliuawa. Mmoja alikuwa ndugu ya kijana aitwaye Mayen, ambaye Bibi Agot ni shangazi yake. Tangu siku ile Mayen na wenzake hukaa langoni petu na bunduki magotini. Walimwambia Mama Nyibol kwamba watoto wa kwetu wakae kwa amani, lakini akionekana ndama mmoja wa Kimurle humo ndani, watamtoa wenyewe. Mama, mimi hupita mbele yao nikiwa na vitabu vyangu.

Juzi Mama Nyibol alitundika kioo kikubwa uani ili kina mama wawanyoe watoto nywele. Mayen alikuwa ameingia kunywa maji. Yule mtoto alikisogelea kioo, akaona uso, na kwa mara ya kwanza akapiga kelele. Alikuwa akicheka! Aliita "Korok! Korok!" akakimbilia nyuma ya kioo, akaupapasa ukuta, akarudi mbele, akaenda tena nyuma. Wanawake walishika mbavu kwa kicheko, wakasema mtoto wa porini kaona jini. Mimi peke yangu nilielewa alichokuwa akiuliza: "Ndugu yangu, umejificha wapi?"

Hakuwa amewahi kuona kioo, Mama, lakini uso ule aliujua. Alikuwa na pacha. Na Majok, Bibi Agot mwenyewe ametusimulia mara nyingi, alizaliwa peke yake.

Mayen alinigeukia akauliza mtoto anasema nini. Nilimjibu kwamba anaita ndugu. Akauliza ndugu gani. Nikasema watoto huita wengi. Alinitazama, akaweka kikombe chini, akatoka.

Nilimfuata Bibi Agot jikoni, nikamwambia yote kwa kunong'ona, nikingoja anipige au alie. Aliendelea kukoroga ugali wa asida. Kisha akaniambia kwamba alijua tangu siku ya kwanza, alipoyashika masikio yake akaona si ya Majok. Alisema aliwaza hivi: akimtunza mtoto wa wenyewe vizuri, huenda na huko kwenu yupo anayemtunza wake vizuri. Mimi ndiye niliyelia, kwa sababu nilikukumbuka wewe.

Alijifuta mikono, akaenda langoni. Tulimsikia akimwambia Mayen kwamba yule ni mtoto wake, na anayetaka kumtoa aanze na yeye. Mayen alisema kwa upole, "Shangazi, una hakika ni wako?" Akamjibu, "Wewe makamasi yako niliyafuta kwa vidole hivi. Leo ndiyo umepata pua ya kuninusia watoto?" Wenzake walicheka, naye akainamisha kichwa. Lakini hawajaondoka, na cheko la jana si ulinzi wa kesho.

Mtoto sasa anazungumza nami. Anaitwa Lokali. Walikimbia risasi sokoni, mama yake akambeba Korok, yeye akaachwa nyuma. Mama Nyibol amempatia nafasi kwenye helikopta ya kwenda Pibor wiki ijayo, na anahitaji mkalimani wa kumsindikiza. Nimekubali. Asubuhi mama aliyenizaa alinifulia gauni. Nilipoulizwa kama nina mtu wa kunipokea Pibor, nilisema mbele yao wote, "Ninaye. Mama yangu." Neno hilo sijawahi kulitamka hapa kwa sauti, na hili ndilo nililokuwa nimekuficha.

Wasalimie wote wanaonikumbuka, na Mungu akulinde hadi tuonane.

Ni mimi mwanao,
Abul

Ulizia huko, kisha unijibu kwa mtu huyuhuyu anayeleta barua: mama yao Lokali na Korok yu hai, na utakuja naye kwenye uwanja wa helikopta?