Udi wa Harusi Nisioweza Kuunusa

Bongwe

Kwako Fatuma, mdogo wangu wa ziwa moja,

Asalaam aleikum. Hujambo? Magoti yanakuacha ulale? Huku sote wazima, ila pua yangu. Anayeniandikia ni mjukuu wangu Mwanaisha, maana kalamu sijaishika tangu nitoke huko kwetu Pemba. Naye ndiye biarusi, basi ukiona karatasi ina machozi usiulize.

Fatuma, tangu ile homa ya mwaka jana sinusi kitu. Chungu huungua nami nimekaa papo hapo. Na huyu anaolewa mwezi ujao, na udi wa harusi nyumba hii hupika mimi.

Jirani akaniambia Msambweni yuko daktari anayepasua pua, watu wanapona. Nikaenda. Nikamwongopea kwamba pua imeziba, makamasi hayakatiki, ili anipasue. Akanipiga picha ya kichwa. Kisha akanifumba macho, akanipa kitu ninuse.

"Karafuu," nikasema.

Kufumbua macho, ni chungwa lililomenywa.

"Bibi," akasema, "njia zako zi wazi. Yule mama uliyekaa naye nje ana vinyama puani. Ametumia dawa, amejisafisha kwa maji ya chumvi miezi, havikuondoka. Kwake kisu kina cha kutoa. Wewe nikukate nini?"

"Kata tu, baba. Mimi siogopi."

"Najua huogopi. Kilichoumia ni mshipa wa kunusia, na huko kisu hakifiki."

Nikamwambia mikono yake laini, bora akasuke ukili wa mikeka. Akacheka, akanishika bega. Ameniagiza ninuse karafuu, ndimu na asmini, polepole, kila asubuhi na jioni. Huenda harufu ikarudi, huenda isirudi. Mimi nilimdanganya, yeye hakunidanganya.

Basi udi nimeupika kwa mkono na kumbukumbu, sukari hadi ivute uzi, kisha sandali na marashi. Mwanaisha anasema unanukia. Huyu ananipenda, ushahidi wake siutaki. Hapa amegoma kuandika, nimemwambia andika.

Humu nimefunga kipande kwa kitambaa. Kitie chetezoni juu ya makaa, ufumbe macho. Kama ndio ule wa mama yetu, niambie. Kama sio, niambie vilevile, siku za kupika mwingine bado zipo. Huruma yako kaa nayo, nipe pua yako tu.

Msalimie shemeji Hamadi, mumeo, na binamu Saumu aliyenitwangia sandali nilipoolewa mimi.

Dada yako anayengoja,
Mwanakombo